Samahani ya Bwana Sugden

Jumanne, tarehe kumi na nne Januari, giza la alfajiri likiwa bado halijaondoka, Noreen Sugden aliteleza kutoka kitandani akakwama kati ya kitanda na kabati, na kuanzia hapo kila kitu kikaharibika. Mumewe, Keith, alimkuta amekaa sakafuni, mguu mmoja umekunjika chini yake, ule wa upande uliokufa tangu apatwe na kiharusi. Hakuwa analia. Alimtazama mumewe kama mtu aliyeachwa na basi.

"Usijisogeze," Keith alimwambia. "Gaynor yuko njiani."

"Sawa sawa," alisema Noreen. Kiharusi kilimwachia maneno hayo tu. Akisikia njaa alisema sawa sawa, akiumia alisema sawa sawa, na waliokaa naye walijifunza kutazama macho yake badala ya kumsikiliza.

Gaynor alikuwa binti yao wa pekee. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini kwenye udobi wa hospitali, alikata mji wote wa Dewsbury kwa gari lake dogo, akapanda ghorofa ya tatu, akamwinua mama yake, akamwosha, akambadilisha nguo, akamkalisha kwenye kiti cha dirishani na kumnywesha chai. Keith hakuweza kumwinua. Miaka thelathini ya kubeba trei za mikate ilikuwa imeumaliza mgongo wake. Kwa hiyo saa ile moja ya Gaynor ndiyo iliyomweka Noreen nyumbani kwake. Halmashauri ya mji ilijua hivyo na ilishasema wazi: saa hiyo ikikosekana, bibi ataenda kwenye makao ya wazee.

Kulikuwa na jambo moja dogo. Pale chini, kwenye maegesho ya jengo la Thornley, kila gari lilipigwa picha, na mwenye gari lisilo na kadi kiooni akadaiwa pesa. Kila nyumba ilipewa kadi moja. Keith hakuwa tena na gari, na kadi yake aliitunza jikoni, maana waliambiwa ikipotea nyingine inanunuliwa, na vioo vya magari mtaani pale vilivunjwa kila mara. Gaynor akifika chini alipiga honi mara moja, na Keith aliishusha kadi kutoka barazani kwa kamba ya nguo, imo ndani ya kifuko cha miwani. Akiondoka, Gaynor aliirudisha kifukoni, akaitikisa kamba, na baba yake akaivuta juu. Majirani waliwacheka, lakini njia hiyo ilifanya kazi.

Asubuhi ile kamba haikushuka. Keith alikuwa amepiga magoti sakafuni, amemkumbatia mkewe ili asiende chini zaidi, na honi aliisikia kama kitu cha nyumba nyingine. Gaynor alitazama juu, akaona taa ya chumbani inawaka na barazani hakuna mtu, akaacha gari lilivyo na kupanda ngazi mbio.

Aliposhuka, kiooni kulikuwa na bahasha ya plastiki ya manjano.

Kampuni hiyo ya maegesho ililetwa na wakala wa jengo. Wakala aliwekwa na mwenye jengo, na mwenye jengo hakuna mkazi aliyewahi kumtia machoni. Wakazi walielezwa kwa barua kwamba ni kwa faida yao, kwa sababu watu wa kwenda stesheni walikuwa wakiegesha pale na kupanda treni za Leeds. Ni kweli walikuwa wakiegesha. Ubao ukapigwa, umeandikwa kwa herufi za kusomwa na twiga mwenye miwani, na tangu hapo watu wa stesheni hawakuonekana tena. Waliobaki kupigwa picha ni wakazi wenyewe, mafundi wao, wajukuu wao. Wenye mamlaka hawalali Thornley, na magari yao hulala penye geti.

*

Jumapili mchana walikaa jikoni, Keith na Gaynor, pamoja na Pauline Moxon wa nyumba ya pili, ambaye alikuja na biskuti zake mwenyewe kwa sababu, kama alivyosema, za Keith zilinunuliwa enzi za mfalme aliyepita. Noreen alikuwa kwenye kiti chake, blanketi magotini.

"Carl anasema niitupe bahasha yao kwenye pipa," alisema Gaynor. Carl alikuwa mumewe. "Kazini kwao wote wanatupa. Eti ni karatasi tu, hawana ubavu."

"Mpwa wangu alitupa," Pauline alisema. "Akatupa na ya pili. Akatupa na ya tatu, tena hiyo aliichana kwanza. Mahakama ikatoa hukumu yeye mwenyewe hayupo. Leo akienda kuomba hata simu ya mkopo wanamwangalia kama mwizi."

"Basi nilipe."

"Kwa kosa gani?" Keith aliuliza. "Mama yako alikuwa sakafuni. Nitawaandikia."

"Baba, waache."

"Ni watu kama sisi, Gaynor. Mtu akielezwa vizuri ataelewa."

"Watu kama sisi," Pauline alisema, huku akichovya biskuti kwenye chai, "hatujifichi na kamera nyuma ya mapipa ya taka saa kumi na mbili asubuhi, kwenye baridi."

Keith alikuwa mtu wa kuomba radhi. Akikanyagwa na mtu dukani, yeye ndiye aliyesema samahani. Alimwomba samahani daktari kwa kumsumbua, na mwaka aliopunguzwa kazi kwenye kiwanda cha mikate alimwomba samahani meneja aliyempunguza, kwa kuwa aliona yule kijana anahangaika kupata maneno. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na hivyo ndivyo walivyolelewa wengi wa rika lake kule. Waliofaidika na malezi hayo ni wengine.

Alivaa miwani akaandika kwa herufi kubwa, taratibu, kwa sababu shule aliiacha mapema:

"Waheshimiwa, samahani sana kwa usumbufu. Tunajua tulikosea. Binti yetu huja kila asubuhi kumwosha mama yake ambaye ni mgonjwa, na kila siku hutumia kadi yetu bila shida yoyote. Siku hiyo moja tu mama alianguka na kadi haikuwekwa. Haitatokea tena. Tunaomba mtusamehe kwa mara hii. Wenu mtiifu, K. Sugden."

Aliwasomea kwa sauti.

"Iko vizuri," Gaynor alisema, bila kusikiliza sana. Alikuwa anatazama saa.

"Hapo kwenye 'tulikosea'," Pauline alisema, "mimi ningepafuta."

"Ni adabu tu."

"Sawa sawa," alisema Noreen kutoka kitini. Macho yake yalikuwa kwenye biskuti. Pauline alimpa moja, akaishika mpaka alipoimaliza.

*

Jibu lilichukua wiki kadhaa, likaja na nembo ya rangi. Walimshukuru Bwana Sugden kwa ukweli wake. Kisha walimwarifu kwamba kadi ni ya mkazi wa nyumba hiyo peke yake, wala haikopeshwi. Kwa maneno yake mwenyewe, mwenye gari hakai pale. Kwa maneno yake mwenyewe, mwenye gari ameitumia kadi hiyo kila siku. Kwa hiyo tozo ya Januari inabaki palepale, na picha za siku nyingine zimepitiwa upya.

Bahasha za tozo za siku hizo zilikwenda nyumbani kwa Gaynor, mwenye gari. Zilifika asubuhi moja, zote pamoja, na mtu wa posta alilazimika kugonga mlango kwa sababu hazikuingia kwenye tundu la barua. Kesho yake Gaynor alizileta ndani ya mfuko wa dukani. Alimwosha mama yake kwanza. Akamvalisha soksi, akamchana nywele, akamkalisha. Ndipo alipoumwaga mfuko mezani.

"Uliwaambia nakuja kila siku?"

Keith aliziangalia bahasha. "Niliwaambia ukweli."

"Nani aliuliza ukweli, Baba?"

"Nilitaka wajue wewe si mtu wa kuvunja kanuni."

"Wamejua. Wamerudi nyuma mpaka Oktoba." Hakupaza sauti. Alikuwa amechoka mno kupaza sauti. "Carl hajaniambia neno tangu jana. Ameziweka mezani, akaenda kulala kwa mama yake. Eti anapumzisha kichwa."

"Nitalipa mimi."

"Kwa pesa gani? Kwa pensheni ipi? Wewe unavaa koti ndani ya nyumba ili usiwashe hita."

"Wameandika ukilipa mapema wanapunguza nusu."

"Nusu ya hizi, Baba? Hata nusu ya nusu hatuiwezi." Alianza kuzirudisha mfukoni, kwa mikono ile iliyozoea kukunja mashuka, zikakaa zimelingana. "Nisikilize. Sikulaumu. Lakini siwezi tena kuegesha pale chini. Kila siku nikiegesha ni nyingine inakuja."

"Utaegesha wapi?"

"Sijui. Nitatafuta."

"Samahani, mwanangu."

Gaynor aliufunga mfuko. "Acha hilo neno," alisema. "Tafadhali. Liache kidogo."

*

Keith alivaa tai ya mazishi, akamwomba Pauline akae na Noreen, akapanda basi kwenda kwa wakala wa jengo. Ofisi ilikuwa na zulia jipya na mashine ya kahawa. Mapokezi alikaa msichana mwenye kucha ndefu za samawati, na kifaa cha simu kichwani.

"Una miadi, Bwana?"

"Sina. Ni kuhusu ile faini ya maegesho, Thornley."

"Si faini, ni tozo."

"Nikilipa kuna tofauti gani?"

Msichana alitaka kucheka, akajikumbuka. "Sisi hatuhusiki na tozo. Wasiliana na kampuni."

"Nimewasiliana. Ndiyo maana niko hapa. Mliowaleta ni ninyi."

"Tuliagizwa na mwenye jengo."

"Nimwone yeye basi."

"Hayuko nchini."

"Amekwenda wapi?"

"Si mtu, Bwana. Ni kampuni. Imeandikishwa kisiwani huko." Aliangalia kioo cha kompyuta kama anayetafuta kitu cha kumpa. "Unaweza kutuma barua pepe. Kama huna, mwombe mtu wa familia akuandikie."

"Mtu wa familia ndiye mmemtoza."

Mlango wa ndani ulifunguka. Mwanamume wa shati jeupe alitoka, akajaza kikombe chake, akamtabasamia Keith. "Mnaendeleaje hapa, tuko sawa?" aliuliza, na kabla hajajibiwa akarudi ndani na kufunga. Jina lake lilikuwa kwenye mlango. Lilikuwa pia chini ya ile barua ya kwanza iliyosema maegesho ni kwa faida ya wakazi.

"Kuna kadi ya wauguzi," msichana alisema kwa sauti ya chini, kama vile anafanya jambo lisiloruhusiwa. "Wale wanaokuja kuhudumia wagonjwa majumbani hawatozwi."

Keith aliegemea meza. "Hiyo ndiyo tunayoitaka."

"Anafanyia kampuni gani?"

"Nani?"

"Muuguzi wako."

"Ni binti yangu."

"Lazima awe na kitambulisho cha kampuni ya uuguzi."

"Kwa hiyo mtu baki anayelipwa, ruksa. Mtoto aliyemzaa mwenyewe, hapana."

"Ndivyo ilivyo, Bwana Sugden. Samahani."

"Samahani," Keith naye alisema, akachukua kofia yake. Alikuwa amefika kituo cha basi alipogundua kwamba ndiye aliyeombwa radhi, na kwamba hakupewa kitu kingine chochote.

*

Mahali pa bure pa kuegesha palikuwa juu ya kilima, kando ya ukuta wa makaburi. Mitaa yote ya katikati ilikuwa ya kadi za halmashauri, na duka kubwa la karibu lilikuwa na kampuni yake nalo, na kamera zake. Kwa hiyo Gaynor alishuka kilima kwa miguu gizani, mvua ikimpiga usoni, na baadaye akakipanda tena mbio. Dakika hizo zilitoka kwenye saa ya mama yake, kwa sababu hazikuwa na pengine pa kutoka.

Kwanza aliacha kumchana nywele. Kisha chai ikawa kazi ya Keith, aliyeimwaga nusu. Kisha ikawa kumwosha uso na chini tu, mgongo mpaka Jumapili. Noreen alipoteremshiwa gauni juu ya ngozi isiyooshwa alisema sawa sawa, na Gaynor aligeuza uso, kwa kuwa macho ya mama yake hayakusema hivyo.

Kazini msimamizi wake alimwita pembeni, katikati ya mvuke na mikokoteni ya mashuka. "Gaynor, mimi nakuelewa, mimi mwenyewe nina mama. Lakini wa juu wanaangalia saa, hawaangalii mama."

"Niingie baadaye kidogo basi, nitoke baadaye."

"Niliuliza. Wamesema ratiba haibadilishwi kwa mtu mmoja."

"Uliwaambia ni kwa nini?"

"Niliwaambia. Walisikitika sana."

Pale Thornley, yule mpiga picha wa kampuni bado alikuja. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye koti lenye mistari ya kung'aa, na alitembea kati ya magari akichechemea kidogo. Pauline, aliyekuwa barazani anaanika taulo, alimwona.

"Wewe," alimwita kutoka juu. "Mama yako anajua kazi unayofanya?"

"Anajua," mtu yule alijibu, bila kuinua kichwa. "Ndiye aliyenitafutia."

"Basi msalimie. Mwambie akuvalishe na soksi, umesimama kwenye dimbwi."

Mtu yule alitazama chini, akaona ni kweli, akasogea. Alipiga picha gari la fundi wa mabomba. "Nalipwa kwa kila gari, bibi," alisema. "Nisipopata magari, mimi nami sipati kitu." Akaenda zake.

Ijumaa moja ya mwezi Machi barabara ya kilimani ilikuwa na barafu, na Gaynor hakutokea. Alipiga simu. Alikuwa analia, akasema msimamizi amemwambia akichelewa tena asiende kabisa, na Keith akamwambia asijali, watajua la kufanya.

Alifanya alivyoona Gaynor anafanya. Aliweka mikono chini ya makwapa ya mkewe, akahesabu, akavuta. Kitu kwenye mgongo wake kikaachia kama kifungo. Walikwenda chini wote wawili, yeye chini, Noreen juu yake, na uzito wake ulikuwa wa joto na unyevu kwa sababu nepi ya usiku ilikuwa haijatolewa. Keith aligonga ukuta kwa kiatu mpaka Pauline alipofika na ufunguo wa akiba.

Pauline alisimama mlangoni. Alivuta blanketi, akawafunika wote wawili pale sakafuni, akapigia simu gari la wagonjwa. Kisha aliketi kitandani, akamshika Noreen mkono.

"Walau mmelala pamoja," alisema mwishowe.

"Usinichekeshe," Keith alisema. "Inauma."

*

Watu wa gari la wagonjwa wana wajibu wa kutoa taarifa, na walitoa. Wiki iliyofuata ofisa wa ustawi wa jamii alikuja, Bi Shabana Iqbal, mwanamke wa umri wa Gaynor, mwenye macho ya mtu anayekula chakula cha mchana garini. Alivua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia. Gaynor alikuwa ameomba ruhusa ya saa moja, na viatu vyake mwenyewe vilikuwa vimelowa kwa kushuka kilima. Keith alikaa wima kwa sababu kukaa vingine kulimuuma.

Bi Shabana alianza na Noreen. Alivuta stuli, akaketi chini ya usawa wa macho yake. "Bi Sugden, ungependa kubaki hapa nyumbani?"

"Sawa sawa."

"Au ungependa kukaa mahali penye watu wa kukusaidia mchana na usiku? Kuna nafasi kwenye makao ya wazee ya Batley. Ni pasafi."

"Sawa sawa."

"Husema hivyo kwa kila kitu," Keith alisema haraka. "Mwangalie macho."

Bi Shabana alimwangalia macho, kwa muda mrefu kuliko walivyotarajia. Kisha alimgeukia Keith. "Nimeona. Lakini mimi siruhusiwi kuandika macho."

"Halmashauri ituletee mtu," Gaynor alisema. "Asubuhi tu. Nikichelewa kazini tena nafukuzwa. Jioni nitakuja mimi."

"Nimeomba. Nafasi ya mapema waliyonayo ni karibu na adhuhuri, tena si kila siku. Hadi hapo atakuwa kitandani, na nepi ya tangu jana. Ngozi yake itachubuka. Siwezi kuweka sahihi kwamba hiyo ni salama." Alisugua paji la uso. "Mwaka jana ofisi yetu iliandika kwamba mpango wenu ndio bora kuliko yote tuliyonayo. Nini kimebadilika?"

Baba na binti walitazamana. Ilikuwa aibu kusema, ikiwa imefika pale, kwamba ni maegesho. Gaynor ndiye aliyesema. Alieleza kadi, barua, bahasha, kilima, saa ya kazini. Bi Shabana alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasimama, akaenda dirishani kwa soksi zake. Chini, saa nne hiyo ya asubuhi, kulikuwa na gari lake lenye kadi ya halmashauri, gari moja jeupe, na baada ya hapo nafasi tupu, mstari hadi mstari, zimelowa mvua.

"Patupu," alisema.

"Hata alfajiri ni patupu," Keith alisema. "Watu wameogopa."

"Mlimwambia mwenye jengo?"

"Yuko kisiwani."

Bi Shabana alirudi kwenye stuli. Noreen alinyoosha mkono wake mzima, akamgusa kwenye goti, kama mtu anayetaka kumwonyesha mgeni mahali pa kukaa vizuri zaidi. Gaynor alitazama saa ya ukutani, akajizuia, akaitazama tena. Keith alifungua kinywa, na kila mmoja chumbani alijua ni neno gani linakuja, lakini safari hii halikutoka.

"Nafasi ya Batley wananishikia mpaka saa kumi leo," Bi Shabana alisema. "Nataka kuwaambia hapana. Nipeni jina moja tu la kuandika. Kesho asubuhi, nani atamwinua?"